Benchi la Wageni

Jumanne, 30 Desemba

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya madirisha. Kurasa za mwanzo zimejaa urefu na upana wa vioo vya watu, lakini karatasi tupu bado ni tele, basi nimeligeuza juu chini na kuanzia nyuma. Nataka kuandika malengo ya mwaka mpya. Mume wangu amecheka mpaka akashika mlango. Anasema mwaka jana niliandika kwamba nitapunguza sukari, na siku ya pili akalikuta daftari lina makombo ya keki.

Safari hii si sukari. Safari hii ni gitaa.

Alhamisi, 1 Januari

Nayaandika kwa wino ili nisiweze kufuta.

La kwanza: kupiga "Barua ya Jumatatu" kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na watu wengine, bila kusimama katikati na kusema samahani.

La pili: kutetemesha sauti kwa mkono bila kuonekana kama mtu mwenye homa.

La tatu: kupeleka kiti changu ukumbini.

Hilo la tatu ndilo linaloninyima raha, na ngoja nilieleze, maana wajukuu wangu wakija kulisoma hili watadhani bibi yao alikuwa mchuuzi wa samani. Ukumbi uko nyuma ya kituo cha zima moto. Kila Jumapili mchana bendi ya watu sita hufanya mazoezi pale. Kila mmoja ana kiti chake alichotoka nacho nyumbani, na mazoezi yakiisha anakitundika ukutani kwenye msumari wake. Hakuna anayekalia kiti cha mwenzake. Mgeni hukalia benchi, benchi refu la mbao lililo chini ya dirisha, mpaka siku kiongozi atakapomwambia: njoo na kiti chako. Siku hiyo unapigiwa msumari. Nautaka msumari huo kuliko nilivyowahi kutaka pete ya ndoa, ila hilo mume wangu asilione.

Na gitaa lenyewe si lile la kukumbatia. Ni gitaa la chuma. Linasimama kwa miguu yake minne kama meza nyembamba, lina nyuzi nane, na mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma kinene kama kidole gumba, unakitelezesha juu ya nyuzi bila kuzibana. Chini ya nyuzi kuna mistari ya kukuonyesha mahali pa kusimama. Ukikosea kwa upana wa unywele, sauti inapinda na kila mtu anajua. Lakini ukipatia! Hakuna kitu kinacholia vile. Sauti inapanda kutoka mahali hadi mahali bila kuruka hata ngazi moja.

Mzee aliyekuwa akilipiga kwenye bendi alikuwa mteja wetu dukani. Alipohamia kwa binti yake, mji mwingine, aliniletea nilitengenezee sanduku la kioo, liwe pambo la sebuleni. Nikamwambia ni dhambi kulifungia kwenye kioo kitu kinacholia. Akanitazama, akasema, "Basi lipige wewe." Akaondoka. Yapata miaka miwili sasa.

Jumamosi, 3 Januari

Kesho. Nimesafisha chuma kwa dawa ya vioo. Nimesafisha na miguu ya gitaa, kana kwamba kuna atakayeitazama.

Jumapili, 4 Januari

Nimerudi na kichwa kimejaa. Niandike kwa mpangilio.

Kiongozi wanamwita Kapteni ingawa hajawahi kukanyaga meli. Alikuwa karani wa posta hadi alipostaafu, anapiga besi, na hutoa amri kwa kidevu. Akikishusha, endelea. Akikiinua, acha. "Barua ya Jumatatu" ni wimbo wake mwenyewe. Unahusu karani anayemwandikia barua mwanamke wa dirisha la pili, kisha anaipiga muhuri na kumpelekea mwenyewe kwa mkono. Katikati mwimbaji ananyamaza na gitaa la chuma linaifungua barua. Ndivyo Kapteni anavyosema: "Hapo ndipo barua inafunguliwa."

Tangu yule mzee ahame, barua inafunguliwa na kinanda. Mpiga kinanda ni kinyozi wa mtaa wa pili, wanamwita Vidole. Kinanda chake kina sauti mia moja, na namba hamsini na saba ni gitaa la chuma. Anabonyeza, linalia. Halikosei hata siku moja. Alinibonyezea leo, akatabasamu meno yote nje. Nilitamani kumfunika na lile benchi.

Kapteni hakuzunguka. "Fundi, tarehe ishirini na tisa Machi tunafungua sakafu mpya kwa dansi la mchana. Una mpaka siku hiyo. Wimbo mmoja tu. Ukiufungua vizuri, utaniuliza habari za kiti. Nikiinua kidevu, Vidole anabonyeza, na tutabaki marafiki."

Nikapiga. Sauti yangu ilikuwa chini ya yao. Si chini sana, chini kidogo, chini ya kukera. Mpiga ngoma alikunja uso kama aliyeuma ndimu. Lakini nilipiga na watu! Besi inaingia kupitia nyayo! Nilikuwa sijui.

Jumatatu, 5 Januari

Mama, yaani mama mkwe wangu, tunayeishi naye, ameniuliza paka wangu alilalaje. Gitaa analiita paka. Amekuwa akiliita hivyo tangu liingie ndani ya nyumba hii.

Alhamisi, 8 Januari

Alfajiri saa nzima kabla ya kufungua duka. Ninakalia kile kigoda cha marehemu baba yangu, kifupi, cha miguu mitatu, alichokalia miaka yote akikata vioo. Na hicho hicho ndicho nitakachokitundika ukutani. Mama alifunga mlango wake kwa kishindo.

Jumatano, 14 Januari

Mvua imeanza.

Ijumaa, 16 Januari

Mvua. Juu ya bati letu hakuna anayesikia mwenzake. Tunaelekezana chumvi kwa vidole.

Nimegundua jambo zuri. Kwa kuwa sisikii, napiga kwa macho. Nimeujua kila mstari. Nimejua kwamba chuma hakitakiwi kuonekana juu ya mstari kabisa, kinatakiwa kuonekana kimeupita kidogo kuelekea kushoto, na hapo ndipo penyewe. Mvua ikipumua nasikiliza, naona nimepatia kila mara. Macho ya fundi kioo! Nimefurahi mpaka nimekata kioo cha duka la dawa huku naimba.

Jumapili, 18 Januari

Chini. Chini kila mahali. "Uko chini, Fundi," Kapteni alisema mara tano, nilihesabu.

Jumanne, 20 Januari

Mama: "Leo paka hana mafua." Na kweli leo nilipiga vizuri. Bahati tu, kikongwe anabahatisha.

Jumapili, 25 Januari

Nina hasira na nitaandika mpaka zishuke.

Nyumbani niko sawa. Ukumbini niko chini. Nyuzi niliziweka sawa pale pale kabla ya kuanza, moja moja, kwa kipimo. Gitaa ni lile lile, chuma kile kile, mkono huu huu. Kitu gani basi kimebadilika kati ya nyumbani na ukumbini? Vidole! Kinanda chake kina kitufe cha kupandisha sauti yote ya kinanda kwa kiasi kidogo tu. Mimi nimekiona. Kinanda kikipanda, mimi nitaonekana nimeshuka, au siyo? Na nani anafaidika? Namba hamsini na saba.

Kisha akaja kunishika bega. "Dada, samahani nikuulize. Nyumbani huwa unapiga vizuri?"

"Nyumbani napiga vizuri sana," nikasema.

"Nilijua," akasema. "Ajabu, eh?"

Ajabu, eh! Mume wangu anasema huenda mtu alikuwa anauliza tu. Mume wangu anafundisha jiografia na anaamini kila mtu ana nia njema, ikiwa ni pamoja na wanafunzi wake.

Jumanne, 27 Januari

Mvua. Napiga kwa macho.

Jumapili, 1 Februari

Chini. Vidole ananihurumia, jambo ambalo ni baya zaidi. Zimebaki wiki nane.

Jumamosi, 7 Februari

Leo naandika dukani, vumbi la kioo likiwa bado mikononi, kwa sababu nikisubiri nitapasuka.

Jumamosi mume wangu hunisaidia. Nilimpa kazi ya kuweka alama kwenye kioo cha kabati, kazi nyepesi, rula na kalamu. Alikuwa amesimama mwisho wa meza, anaisoma rula kutoka huko huko pembeni kama anayechungulia dirishani kwa jirani. Nikakata. Kioo kikapwaya. Nikamwambia yale ambayo baba alikuwa akiniambia mimi kila siku ya Mungu: "Mara ngapi nimesema? Kaa juu ya rula! Ukitazama kutoka pembeni alama inahama! Rula haijahama, jicho lako ndilo..."

Kisu kikabaki hewani.

"Ndilo nini?" akauliza. "Mbona umetoa macho?"

Nilimwacha pale pale nikakimbilia nyumbani. Chuma kinakaa juu ya nyuzi, mistari iko chini ya nyuzi. Kuna nafasi katikati. Kigoda cha baba ni kifupi, basi ninatazama kwa kulala, kutoka pembeni, ndiyo maana chuma kinaonekana kimeupita mstari kikiwa mahali pake. Benchi la ukumbini ni refu kwenda juu! Pale ninatazama kutoka juu. Na mimi mjinga nikawa nautafuta ule mwonekano wa nyumbani, nakivuta chuma kushoto mpaka kionekane kimepita, na kweli kikawa kimepita. Chini! Miaka ishirini na miwili ninawafokea watu kwa kosa hili, wateja, mafundi, mume wangu wa ndoa, na mimi mwenyewe nimelikalia kwa miguu mitatu.

Nilicheka peke yangu sebuleni. Mama akafungua mlango wake, akanitazama, akaufunga taratibu, nami nikarudi dukani.

Vidole hajagusa kitufe chochote. Nimeona haya, lakini furaha imezidi haya.

Jumapili, 8 Februari

Nilimweleza Kapteni yote, na rula, na kigoda, na nafasi iliyo chini ya nyuzi. Alisikiliza vizuri kabisa. Nikamwomba nije na kigoda changu wiki ijayo, kwa majaribio tu.

"Hapana," akasema.

"Lakini Kapteni, siwezi kupatia bila kigoda."

"Na kigoda huwezi kukileta bila kupatia. Naelewa." Akakuna shingo. "Zamani tuliruhusu wageni waje na viti. Wakaja watatu, wakaacha bendi, viti wakatuachia. Kimoja mpaka leo kinabeba ndoo ya dekio. Fundi, kanuni ni kanuni."

Vidole alicheka mpaka machozi. Nami nikacheka, ingawa sikuwa nimepanga.

Jumatatu, 9 Februari

Ikiwa kigoda hakiendi kwenye benchi, benchi litakuja kwenye kigoda. Nimeomba matofali manne kwa jirani anayejenga. Nimepima kwa rula, nikiwa nimekaa juu yake: sasa kigoda kina kimo kile kile cha benchi.

Jumanne, 10 Februari

"Mke wa mwanangu amepanda jukwaani," Mama alimwambia mgeni wake mlangoni. "Shuka taratibu, mama, usituvunjikie."

Jumatano, 18 Februari

Kila alfajiri, juu ya matofali. Jicho linasahau kigoda, linajifunza benchi. Mvua haikatiki. Nimeanguka mara moja, na ni mara moja tu.

Jumapili, 22 Februari

SIKUWA CHINI!

Nilikaa kwenye benchi, nikatazama, nikapiga, na barua ikafunguka. Si yote. Pale mwisho nilijikwaa. Lakini mpiga ngoma hakuuma ndimu, na Kapteni alishusha kidevu, akakiacha huko huko. Nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua na gitaa nimelifunga plastiki kama mtoto mchanga. Mume wangu aliuliza kulikoni, nikambusu mbele ya mama yake.

Jumapili, 1 Machi

Leo nimekiri kwa Vidole. Nikamwambia nilidhani anapandisha kinanda chake ili nionekane niko chini.

"Dada," akasema, "unajua mimi nina vidole kumi tu? Namba hamsini na saba inanilazimu niache mkono mmoja wa wimbo. Miaka miwili nasubiri mtu aje anipunguzie mzigo, we unafikiri nakufanyia hila?"

"Mbona siku ile ulitabasamu vile?"

"Nilifurahi. Nilikuwa nakuonyesha kazi utakayonitua."

Kumbe. Miezi miwili nimemfanyia mtu kinyongo bure, naye kila Jumapili ananibebea gitaa mpaka mlangoni.

Jumanne, 10 Machi

Nimekosana na Mama, nimepatana na Mama, yote kabla ya chai.

Nilikuwa juu ya matofali yangu, napiga. Akatoka na kitambaa chake cha kichwani mkononi, akakitandaza juu ya mistari yote, chini ya nyuzi, akakichomeka pembeni. Sioni mstari hata mmoja.

"Sasa piga," akasema.

"Mama, siwezi."

"Piga."

Nikapiga. "Juu," akasema. Nikashusha. "Umepitiliza. Rudi. Rudi kidogo. Hapo!" Nikapiga nyingine. "Chini. Hapo pa barua kufunguliwa huwa unashuka, tangu mwezi wa kwanza nasikia." Nikamtazama mwanamke huyu. Siku zote zile nilizodhani anabahatisha! Paka ana mafua, paka hana mafua, na wala hakukosea hata siku moja.

"Mama, umejuaje?"

"Miaka ishirini nilikuwa opereta wa simu. Watu mia nne, nawajua wote kwa pumzi. Kuna mmoja nilimwambia ana homa kabla mkewe hajajua." Akakaa. "Unadhani mlango naufunga kwa nini? Ukiwa wazi, vyombo vya jikoni vinaitikia, sikusikii vizuri."

Nilitaka kulia. Lakini nusu saa nzima ilikuwa juu, chini, juu, chini, na nilipatia mara chache sana, na mwisho nikachoka nikasema, Mama, mbinu ya matofali inatosha, dansi liko karibu, sina muda wa kuanza upya. Akachukua kitambaa chake, akajifunga kichwani. Basi nikajiona mdogo. Nikamwekea chai, akaipokea.

Jumapili, 15 Machi

Mwanzo hadi mwisho! Lengo la kwanza. Nimeliwekea alama ya wino.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Lengo la pili linakuja. Mume wangu anasema sionekani tena mwenye homa, naonekana mwenye mafua mepesi.

Jumapili, 22 Machi

Mazoezi ya mwisho. Kila kitu kilikaa. Kapteni alipokuwa anafunga besi yake alikuwa anaiimba barua puani, sehemu yangu. Kigoda cha baba nimekipiga msasa. Najua ni mapema.

Jumamosi, 28 Machi

Sikuweza kula. Mama alikula yangu.

Jumapili, 29 Machi

Ni saa kumi na mbili jioni, mvua imekatika, bado nina viatu miguuni.

Nilifika saa saba, saa moja kabla. Sakafu inang'aa, mapambo, watu wameanza kujaa. Nikaenda moja kwa moja chini ya dirisha kwenye benchi langu. Benchi lilikuwa la kijani kibichi. Jumapili iliyopita lilikuwa rangi ya mbao. Juu yake kulikuwa na karatasi imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa posta: RANGI MBICHI.

"Umelionaje?" Kapteni aliniuliza, amevaa tai, uso umejaa fahari. "Nimelipaka mwenyewe asubuhi. Kwa heshima ya siku."

"Kapteni, nitakaa wapi?"

Uso wake niliouona hapo sitausahau. Alikuwa hajafikiria. Tulitazama viti vya plastiki, vyote vina watu, na waliokosa wamesimama ukutani. Ukutani juu kulikuwa na kiti cha yule mzee kwenye msumari wake, na sote wawili tulikitazama, na sote wawili tukajua kwamba hapana. Vidole akasema, "Akalie changu, mimi nitasimama." Kapteni akatikisa kichwa, ila kwa uchungu. Mwisho mpiga ngoma akaleta kreti la soda, akaligeuza, akalifuta kwa mkono.

Kreti la soda ni fupi kuliko kigoda cha baba. Niliketi, magoti yakanikaribia kidevuni, nikatazama mistari, na yote ilikuwa imehama. Wiki saba za matofali zilikwenda na maji. Nilitaka kubeba gitaa langu nirudi nyumbani, nalisema wazi.

Nyimbo tatu zikapita bila mimi. Watu wanacheza, sakafu inavuma. Kwenye wimbo wa tatu nikamwona Mama. Hakuniambia anakuja. Amesimama karibu na mlango, na mwanawe amemshikia mkoba, na sikio lake moja amelielekeza upande wangu.

Kisha Kapteni akasema, "Barua ya Jumatatu."

Mwimbaji akaimba karani, akaimba dirisha la pili, akaimba muhuri. Akanyamaza. Nikaweka chuma pale macho yaliponiambia, nikapiga.

Juu. Juu ya wazi, juu ya aibu. Mwanamke aliyekuwa akicheza mbele yangu aligeuka. Nikamtazama Kapteni na nikakiona kidevu kinaanza kupanda. Hakikupanda haraka. Nadhani hata yeye alikuwa anakizuia. Nikamtazama Vidole, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya vitufe.

Hakubonyeza hamsini na saba. Alishusha mkono akagusa kibao kimoja tu cha kinanda, akakishikilia. Sauti moja, nyembamba, ndefu, tulivu, haikuwa ya kucheza nayo wala ya kupamba. Ilikuwa imewekwa pale kwa ajili yangu, nije niifuate. Akanitazama, akafumba macho yake mwenyewe ili nielewe.

Nikafumba macho.

Hakukuwa na mistari. Kulikuwa na sauti yake na sauti yangu, na kati yao kitu kinatetema, wawawawa. Juu, nikamsikia Mama kichwani. Nikashusha. Wawa, wawa, wa. Rudi kidogo. Hapo. Mtetemo ukaisha na sauti mbili zikawa moja. Nikajua nilipo bila kuona chochote, nikateleza kwenda inayofuata, na inayofuata, na pale barua inapofunguliwa, pale ninaposhuka siku zote, sikushuka. Mkono wangu ulitetema wenyewe. Wala sikujali ninafanana na mgonjwa gani.

Nilipofumbua macho mwimbaji alikuwa ameshapokea, na kidevu cha Kapteni kilikuwa kimegusa tai. Alikuwa analia, mzee wa watu, besi haikukosea hata pigo moja, lakini alikuwa analia. Vidole alikuwa amerudisha mikono yote miwili kwenye wimbo, vidole kumi vyote, anacheza kama amefunguliwa kamba. Watu walipiga makofi. Sikuyasikia vizuri, nilikuwa natafuta mlangoni. Mama aliinua kidole kimoja na kusema neno. Kwa umbali ule sikulisikia, lakini midomo niliisoma. "Hapo."

Baadaye, wenzangu wakitundika viti, Kapteni alikuja na nyundo. Alipima ukuta kwa kiganja, akapiga msumari kando ya ule wa yule mzee, akaujaribu kwa kidole.

"Wiki ijayo njoo na kiti chako, Fundi."

Jumatatu, 30 Machi

Nimefungua duka nimechelewa. Namfundisha kila mteja kuhusu rula, hata anayenunua misumari ya picha tu.

Jumamosi, 4 Aprili

Jua kali. Matofali nimemrudishia jirani. Malengo yote matatu, la mwisho linangoja kesho tu, na mwaka bado una miezi tisa! Nimeandika la nne: kupiga wimbo wote macho yamefumbwa tangu mwanzo. Nimemwomba Mama kitambaa chake. Amesema kipo kwenye maji, nisubiri kikauke.

Jumapili, 5 Aprili

Asubuhi nilikuwa mlangoni, gitaa begani, kigoda mkononi. Mama akaniita. Alikuwa na mto wa kukalia, wa duara, ameushona mwenyewe wiki nzima mlango umefungwa, mimi nikidhani amelala. Umejazwa pamba hasa, mnene, na una kamba tatu za kufungia kwenye miguu mitatu ya kigoda.

"Nimekuona kwenye lile kreti," akasema. "Mwanamke mzima hakalii mbao tupu."

Mume wangu alikuwa nyuma yake, amekwisha kuelewa. Alinionyesha kimo cha mto kwa vidole, kama inchi tatu, akauma mdomo asicheke. Inchi tatu! Ingekuwa mwezi wa pili, ningepiga mahesabu ya kila mstari utakavyohama. Ningetafuta namna ya kuukataa kwa adabu, au ningeufungua njiani nikauficha kwenye begi la gitaa.

Niliinama nikaufunga, kamba moja moja, vizuri, zisije zikalegea.

Ukumbini nilikiweka kigoda mahali pangu, kati ya Vidole na mpiga ngoma. Benchi la kijani lilikuwa limekauka chini ya dirisha, tupu. Nikaketi. Nilikuwa juu kuliko nilivyowahi kuwa, na mistari yote ilikuwa imehama.

"Uko tayari, Fundi?" Kapteni akauliza.

Nikafumba macho, nikasema niko tayari.